Ugonjwa wa Graves: mwongozo kamili wa kusoma vipimo, kushika dozi na kutorudi mwanzo

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anaambiwa tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, anaanza vidonge, na baada ya wiki kadhaa moyo umetulia, usingizi umerudi na mikono haitetemeki tena. Anaviacha. Miezi michache baadaye yuko kliniki tena, na safari hii hali ni mbaya kuliko ya kwanza.

Mwingine hukosea kwa upande wa pili. Anaona TSH, homoni inayoiamuru tezi, bado iko chini kabisa baada ya mwezi mzima wa dawa, anaamini dawa imeshindwa, anajiongezea vidonge. Tezi inalala, mwili unavimba, baridi inamwingia hadi mifupani.

Wote wawili wamekwama mahali pamoja. Katika ugonjwa huu mambo hayaponi kwa wakati mmoja: dalili hutulia mapema, homoni zinafuata, TSH inachelewa, kingamwili zinachelewa zaidi, na macho yana ratiba yake yenyewe. Asiyejua mpangilio huo atasoma vibaya kila karatasi atakayopewa.

Dozi ni kazi ya daktari wako. Hapa hutapata ushauri wa kujipangia vidonge. Kazi yako ni kufuatilia, kupima, kuripoti na kutoacha njiani. Nchi nyingine huuita ugonjwa huu kwa jina la Basedow, basi usishtuke ukilikuta kwenye cheti chako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja, au faili moja ya simu, la ugonjwa huu peke yake.
- Nakala za vipimo vyote vya damu, pamoja na viwango vya kawaida vilivyochapishwa na maabara husika. Namba bila kiwango cha maabara yake haina maana.
- Kipimajoto. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na sababu yake iko katika hatua ya 5.
- Saa inayoonyesha sekunde, kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya moyo.
- Mizani ya kupimia uzito, ileile kila wiki.
- Orodha ya kila unachomeza: dawa, vitamini, virutubisho, mitishamba.
- Picha ya uso wako ya miaka michache iliyopita, na nyingine ya leo iliyopigwa kwenye mwanga mzuri, ukitazama mbele moja kwa moja.

## Hatua ya 1: Elewa nani anamwamuru nani

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Yenyewe inapokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na amri hiyo ndiyo TSH. Homoni zikipungua, pituitari hupandisha TSH. Zikizidi, huishusha.

Katika ugonjwa wa Graves, mfumo wa kinga hutengeneza kingamwili zinazoitwa TRAb. Kingamwili hizi hujibandika mahali palepale TSH inapojibandika, na tezi inazitii kama vile imeamriwa. Inazalisha, inazalisha tena, na mara nyingi inavimba. Pituitari ikiona homoni zimefurika, inanyamaza kabisa. Haisaidii kitu, kwa sababu kingamwili hazimsikilizi yeyote.

Ndiyo maana karatasi inaonyesha TSH iko chini ilhali wewe unaambiwa tezi iko juu. Wagonjwa wengi hudhani maabara imekosea.

Homoni zikizidi, karibu kila kiungo kinaguswa. Moyo unaenda mbio hata ukiwa umelala. Unakula vizuri na bado unakonda. Joto linakushinda, jasho linakutoka, choo kinakuja mara nyingi. Vidole vinatetemeka. Misuli ya mapaja na mabega inadhoofika, kiasi kwamba kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono kunakuwa kazi. Hedhi inapungua au inapotea, na kushika mimba kunakuwa kugumu. Ugonjwa ukiachwa muda mrefu, mifupa inapoteza uimara wake.

Kuna athari moja ambayo haisemwi vya kutosha: hasira. Wasiwasi, kulia bila sababu, kugombana na kila mtu nyumbani. Ndoa na kazi zimeharibika kabla mtu hajapimwa tezi. Waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba hiyo nayo ni dalili, na kwamba hupungua homoni zikishuka.

Kwa wazee sura inaweza kuwa tofauti kabisa. Hakuna kutetemeka wala mbio. Unaona mtu amechoka, amekonda, amepoteza hamu ya kula, na mapigo yake hayana mpangilio. Familia inasema ni uzee tu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu mwingine, kwa maneno yako, kwa nini TSH iliyoshuka inaweza kumaanisha tezi iliyopanda.

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni Graves

Homoni nyingi katika damu zina zaidi ya chanzo kimoja. Tezi inaweza kuwa imevimba kwa uvimbe wa muda, mara nyingi baada ya kuugua virusi au baada ya kujifungua, na kumwaga homoni ilizokuwa imezihifadhi. Hali hiyo hujimaliza yenyewe. Vidonge vya kuzuia tezi havina kazi hapo, kwa sababu vinazuia utengenezaji, na tatizo ni kuvuja kwa akiba. Chanzo kingine ni vinundu ndani ya tezi vinavyozalisha homoni bila kungoja amri.

Kwa hiyo uliza swali moja lililonyooka: "Nimethibitishwaje kuwa ni Graves?" Majibu yanayokubalika ni haya: kipimo cha TRAb kimekuwa juu, au picha ya kuangalia jinsi tezi inavyofyonza iodini imeonyesha inafyonza sana, na kwa usawa tezi nzima, au una macho yaliyobadilika kwa namna ya Graves pamoja na tezi iliyovimba na homoni zilizo juu.

Onyo kuhusu biotini. Vitamini hii, inayouzwa sana kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga mashine nyingi za maabara. Inaweza kuifanya TSH ionekane chini, FT4 (T4 iliyo huru kwenye damu) ionekane juu, na hata TRAb ionekane ipo. Yaani mtu mzima wa afya anaweza kutoka na karatasi inayofanana kabisa na ya mgonjwa wa Graves. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, zaidi kama unatumia dozi kubwa, na umwambie daktari kwamba uliitumia.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha pia umepimwa picha kamili ya damu na utendaji wa ini. Bila kipimo cha mwanzo, tatizo likitokea baadaye hakuna atakayejua kama limeletwa na dawa au lilikuwepo. Ugonjwa wenyewe huweza kushusha kidogo chembe nyeupe na kuvuruga kidogo ini. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito apimwe mimba pia.

## Hatua ya 3: Soma karatasi kwa mpangilio sahihi

Wengi huanza na TSH kwa sababu imeandikwa juu. Kwa mgonjwa aliyeanza matibabu, hapo ndipo pa mwisho pa kuangalia.

Kwanza soma FT4 na FT3. Hizi ndizo homoni zilizo huru kwenye damu, na ndizo zinazokuambia hali yako ya leo. Dai zote mbili. Wapo wagonjwa ambao FT4 yao iko sawa kabisa ilhali FT3 imepanda, nao bado wanaumwa. Ukipimwa FT4 peke yake utaambiwa umepona huku moyo ukikukimbia.

Kisha soma TSH. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0. Pituitari iliyonyamazishwa kwa muda mrefu haiamki mara moja. Homoni zinaweza kuwa za kawaida kwa miezi kadhaa huku TSH bado haisomeki. Hilo peke yake si dalili ya dawa kushindwa, na si sababu ya kuongeza dozi.

Mwisho soma TRAb, ikiwa imepimwa. Haihitajiki kila mwezi. Inakuambia kama kisababishi bado kipo, na thamani yake kubwa ni mwanzoni, wakati wa ujauzito, na wakati wa kuamua kuacha dawa.

Tuchukue mifano. FT4 na FT3 zimeshuka hadi kawaida, TSH bado 0.01: unaendelea vizuri, pituitari imechelewa tu. FT4 imeshuka chini ya kawaida, TSH bado 0.01: dozi imezidi, na TSH inakudanganya, usingoje ipande ndipo uripoti. TSH imepanda hadi 9: dozi imezidi bila shaka. FT4 ya kawaida, FT3 juu, TSH chini: bado hujadhibitiwa.

Mfano wa pili ndio unaoumiza watu zaidi. Mgonjwa analalamika amechoka, ananenepa, ngozi imekauka, anaambiwa "TSH yako bado iko chini, endelea." Ukijikuta hapo, onyesha namba ya FT4 na uombe iangaliwe upya.

Jaza daftari kwa safu hizi: tarehe, FT4, FT3, TSH, dozi ya siku hiyo, mapigo, uzito. Karatasi moja haikuambii mengi. Karatasi nne zikipangwa kwa mstari zinaonyesha unakoelekea.

## Hatua ya 4: Anza vidonge ukijua havina haraka

Dawa kuu ni kabimazoli au methimazoli, ambazo ni ndugu: kabimazoli hugeuka kuwa methimazoli mwilini. Miligramu zake hazilingani, hata hivyo. Miligramu 10 za kabimazoli ni sawa na takriban 6 za methimazoli, kwa hiyo duka la dawa likikubadilishia moja kwa nyingine, dozi haiwezi kubaki namba ileile. Muulize mfamasia kabla hujaondoka dirishani. Dawa ya tatu, propilthiourasili au PTU, kwa kawaida huwekwa akiba kwa sababu inaweza kudhuru ini vibaya zaidi. Ina nafasi yake maalumu mwanzoni mwa ujauzito.

Dawa hizi huzuia tezi isitengeneze homoni mpya. Haziwezi kufuta zilizokwisha hifadhiwa ndani ya tezi, na T4 iliyo kwenye damu huchukua karibu wiki nzima kupungua kwa nusu. Hapo ndipo wiki zinapokwenda. Nafuu ya kwanza huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na homoni kwa wengi hufika kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 8. Tezi kubwa sana au homoni za juu sana huchukua muda mrefu zaidi.

Katika kipindi hicho cha kungoja, daktari anaweza kukupa propranololi au dawa ya jamii yake ili kutuliza moyo na mitetemo. Hii inafanya kazi ndani ya saa, na ndiyo maana inawadanganya watu: mtu anatulia siku ya pili, anaona kabimazoli ni mzigo wa bure, anaiacha. Propranololi haiponyi tezi hata kidogo. Mwenye pumu aseme mapema, kwa kuwa inaweza kubana njia za hewa. Na usiikatishe ghafla.

Ukisahau dozi, meza unapokumbuka, isipokuwa kama muda wa dozi inayofuata umekaribia. Usimeze mbili kufidia.

Mwanzoni vipimo hurudiwa kila wiki 4 hadi 6, kisha kila miezi 2 au 3 hali ikitulia, na dozi hupunguzwa hatua kwa hatua. Madaktari wengine hubakiza dozi kubwa bila kuipunguza na kuongeza homoni ya kidonge, levothairoksini, juu yake. Si kosa wala mkanganyiko, ni mbinu nyingine. Haitumiki kwa mjamzito.

Uzito utarudi. Afadhali ulisikie hapa kuliko kulisikia kwa mizani. Ulikuwa unakula kwa ajili ya mwili unaounguza chakula kwa kasi. Kasi ikirudi kawaida na hamu ya kula ikabaki ileile, kilo zinapanda, wakati mwingine kupita pale ulipokuwa kabla ya kuugua. Punguza chakula kadiri homoni zinavyoshuka. Kuacha dawa ili ubaki mwembamba ni kuuza moyo na mifupa.

Dalili za kufaulu: mapigo ya asubuhi yanashuka wiki hadi wiki, unalala, uzito umeacha kuanguka, FT4 na FT3 zinaelekea kwenye kiwango.

## Hatua ya 5: Kanuni ya homa

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Dawa zote tatu zinaweza, mara chache, kufuta chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu. Hutokea kwa takriban watu 2 hadi 5 kati ya 1,000, zaidi katika miezi 3 ya kwanza, na huweza kutokea ghafla hata kama kipimo cha wiki iliyopita kilikuwa kizuri. Kwa hiyo kinga yako ni kuijua dalili, kwani kupima mara kwa mara hakutoshi.

Ukipata homa, koo linalouma, vidonda mdomoni au dalili yoyote ya maambukizi makali:

1. Pima joto na uliandike.
2. Usimeze dozi inayofuata ya kabimazoli, methimazoli au PTU.
3. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku au sikukuu, upimwe picha kamili ya damu yenye mchanganuo wa chembe nyeupe.
4. Mwambie anayekuhudumia, kwa sentensi ya kwanza kabisa: "Natumia dawa ya kuzuia tezi."

Sentensi hiyo ina uzito wake. Bila hiyo utapewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani.

Chembe zikiwa sawa, daktari atakuambia urudi kwenye vidonge, na utakuwa umepoteza siku moja tu. Zikiwa zimeshuka sana, dawa hiyo hairudiwi tena maishani, na zile dada zake pia haziguswi, kwa sababu tatizo laweza kujirudia.

Ini nalo lina ishara zake: macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawia, choo cheupe, muwasho wa mwili mzima, maumivu ya tumbo upande wa juu kulia. Simamisha dawa, nenda ukapimwe. Vipele vyepesi ni jambo jingine. Hutokea kwa wengi na mara nyingi hutulizwa na dawa ya mzio. Ripoti, lakini usihamaki.

## Hatua ya 6: Lilinde moyo wako

Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba na uhesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu 15 na kuzidisha kwa 4, kwa sababu unatafuta mambo mawili: idadi na mpangilio. Mapigo ya kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni kati ya 60 na 100.

Mpangilio ukivurugika kabisa, kama ngoma iliyopoteza mpigaji, huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda. Damu hutuama humo, ikiganda donge linaweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Hiyo inahitaji kipimo cha umeme wa moyo haraka.

Epuka dawa za mafua zenye kiambato cha kufungua pua, kwani nyingi huongeza mapigo. Punguza kahawa hadi homoni zitulie. Kama unatumia wafarini kuzuia damu kuganda, nguvu yake hubadilika kadiri tezi inavyotulia, kwa hiyo vipimo vyake viwe vya karibu zaidi. Mwenye kisukari naye atarajie sukari kubadilika.

Dharura isiyongoja miadi: homa kali, mapigo ya kasi mno, kutapika au kuharisha, na kuchanganyikiwa au kuweweseka. Ni mlipuko wa homoni unaoweza kuua. Huchochewa na maambukizi, upasuaji, kujifungua, na kuacha vidonge ghafla. Nenda hospitali mara moja. Ukihitaji kushusha homa njiani tumia parasetamoli, usitumie aspirini, kwa kuwa aspirini huweza kuongeza homoni iliyo huru kwenye damu.

Wanaume, hasa vijana, wajue na hili: miguu kulegea na kushindwa kusimama ghafla, usiku au alfajiri, baada ya mlo mkubwa wa wanga au mazoezi mazito. Potasiamu imeshuka. Ni dharura pia.

## Hatua ya 7: Macho yafuatilie peke yake

Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hupata athari za macho zinazoonekana wazi. Kingamwili huchokoza nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, yanavimba, jicho linasukumwa mbele. Yanaweza kuanza kabla ya tezi kuugua, pamoja nayo, au baada ya homoni kurudi sawa. Ndiyo maana FT4 nzuri si ruhusa ya kupuuza macho.

Kila mwezi piga picha uleule mkao, na linganisha. Angalia kama weupe umeanza kuonekana juu ya mboni, kama kope zimevimba asubuhi, kama jicho moja limetangulia jingine. Andika kama unahisi mchanga machoni, machozi yakitiririka kwenye upepo, au maumivu ukigeuza macho.

Kwa hali nyepesi: matone ya machozi bandia mchana, mafuta ya macho usiku, miwani ya jua, na kuinua kichwa unapolala. Daktari anaweza kuongeza seleniamu kwa miezi 6. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha inawasaidia wenye hali nyepesi. Usiiongeze mwenyewe, ikizidi ina sumu.

Sigara ndiyo adui mkubwa. Huongeza uwezekano wa kupata tatizo la macho, hulifanya kuwa kali, na hudhoofisha tiba yake. Mgonjwa wa Graves anayevuta sigara na kunyunyiza machozi bandia anafanya kazi mbili zinazofutana.

Nenda kwa daktari wa macho haraka ukiona rangi zimefifia, hasa nyekundu, uoni umepungua, unaona vitu viwili viwili, au kope hazifungi unapolala. Neva ya jicho ikibanwa, kuchelewa kunagharimu uoni wenyewe.

## Hatua ya 8: Kama unataka mtoto, sema mapema

Usiache vidonge kwa hofu baada ya kugundua una mimba, na usiendelee kimya kimya. Piga simu siku hiyohiyo. Kabimazoli na methimazoli huweza kuleta kasoro kwa mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 10, kwa hiyo katika wiki za mwanzo madaktari hupendelea PTU au, kwa wenye ugonjwa uliotulia, kusimamisha dawa chini ya uangalizi. Tezi isiyotibiwa nayo ina hatari zake: mimba kutoka, kujifungua kabla ya wakati, presha.

Jambo linalosahaulika: TRAb huvuka kondo la nyuma. Hata mama aliyeondolewa tezi miaka mingi iliyopita anaweza kuwa nazo, na zikamchochea mtoto tumboni. Ajulishe kliniki ya wajawazito historia yake, apimwe TRAb mapema. Kunyonyesha kunawezekana kwa dozi za kawaida, na ugonjwa hupenda kurudi katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua.

## Hatua ya 9: Fika mwezi wa 12 hadi 18, ndipo uamue

Muda wa kawaida wa vidonge ni miezi 12 hadi 18. Sababu ya urefu huo ni kingamwili, zinazoshuka taratibu kuliko kitu kingine chochote. Ukiacha mwezi wa nne, umeondoa kizuizi huku anayeshinikiza tezi bado yupo.

Mwishoni pima TRAb. Ikiwa imeshuka hadi kawaida na dozi yako ni ndogo, una nafasi nzuri ya kuacha. Ikiwa bado juu, uwezekano wa kurudi ni mkubwa. Kwa jumla, karibu nusu ya wanaoacha vidonge hurudiwa na ugonjwa, na si kwa sababu walikosea chochote.

Wakati huo njia ni tatu. Kuendelea na dozi ndogo kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa wengi ni salama.

Ya pili ni iodini ya mionzi, inayomezwa na kuiunguza tezi polepole ndani ya wiki na miezi. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na mimba huahirishwa kwa miezi 6. Inaweza kuzidisha tatizo la macho, hasa kwa mvutaji, hivyo macho yachunguzwe kwanza. Utapewa masharti ya kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa.

Ya tatu ni upasuaji wa kuondoa tezi, unaofaa zaidi tezi ikiwa kubwa, ikiwa na kinundu cha kutiliwa shaka, au macho yakiwa mabaya. Homoni lazima zitulizwe kwanza. Chagua daktari anayefanya upasuaji huu mara kwa mara, kwani hatari zake kubwa, sauti kukwaruza na kalsiamu kushuka, hutegemea sana mkono. Midomo au vidole vikifa ganzi baada ya upasuaji, sema papo hapo.

Baada ya upasuaji wa kuondoa tezi yote, na kwa wengi baada ya mionzi, utameza levothairoksini maisha yote. Watu huiogopa sentensi hiyo kuliko inavyostahili: ni kidonge kimoja kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vipishane nacho kwa saa 4. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Na baada ya mionzi, TSH inaweza kubaki chini kwa miezi huku FT4 imeshaanguka, kwa hiyo rudi kwenye mpangilio wa hatua ya 3.

## Hatua ya 10: Ukishaacha dawa, endelea kupima

Marudio mengi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Pima kila miezi 2 au 3 kwa nusu mwaka, kisha kila miezi 6, halafu mara moja kwa mwaka bila kuacha. Wengine, miaka mingi baadaye, tezi yao huchoka na kulala, nao hukosea uchovu huo kwa mawazo au umri.

Kaa mbali na virutubisho vya mwani na vya iodini nyingi. Ukitakiwa kupigwa picha ya CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani, au kupewa amiodaroni kwa ajili ya moyo, taja kwanza kwamba uliwahi kuugua Graves: vyote viwili vina iodini nyingi sana. Haimaanishi utanyimwa kipimo. Inamaanisha FT4, FT3 na TSH zitapimwa kabla, na tena wiki chache baada yake.